Kabla ya Kuongeza Spika

Mwaka 1926 wakuu wa Hollywood Bowl, uwanja wa muziki uliomo katika bonde dogo la vilima vya Los Angeles, waliamua kuuboresha. Kwa miaka kadhaa watu walikuwa wakikaa kwenye miteremko ya bonde hilo na kuisikia okestra vizuri bila mtambo wowote. Wasanifu majengo wa Allied Architects wakapewa kazi ya kuuchonga upya mteremko, kuweka viti vya kudumu na kusimamisha kuba juu ya jukwaa. Nafasi ziliongezeka kweli: mwaka 1936 watu zaidi ya 26,000 walijaa humo kumsikiliza mwimbaji wa opera Lily Pons. Lakini usikivu wa asili wa bonde ulipungua, na lile kuba la 1926 likaondolewa baada ya mwaka mmoja tu. Baada ya hapo uwanja huo ulitumia karibu miaka 80 kutafuta kwa mbao, saruji, karatasi ngumu na vyuma kile ulichokipoteza siku ardhi ilipochongwa.

Kisa hicho kinatuhusu. Maonyesho yetu mengi ya muziki hufanyika nje: kwenye viwanja vya mpira, fukweni, katika bustani za mji, ndani ya ngome za kale. Malalamiko nayo ni yale yale. Walioko mbele wanaziba masikio, walioko nyuma wanasikia besi tupu bila maneno, mwimbaji anamwashiria fundi mitambo kila dakika, na majirani wanapiga simu polisi. Dawa inayopendekezwa karibu kila mara ni kukodi spika zaidi na jenereta kubwa zaidi. Naamini dawa hiyo, ikitangulia nyingine zote, ndiyo inayotugharimu sana na kutufaa kidogo. Sauti ya nje huamuliwa kwanza na mahali: jukwaa liko wapi, linatazama wapi, watu wamekaa umbali gani na juu ya ardhi ya namna gani. Mitambo hufuata.

Ndani ya ukumbi, kuta na dari hurudisha sehemu ya sauti kwa msikilizaji. Nje, sauti ikishakupita imekwenda. Kwa spika ya kawaida, kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Tuchukue spika zilizorundikwa chini kando ya jukwaa, msikilizaji wa kwanza akiwa mita 4 kutoka hapo na wa mwisho mita 64. Umbali umeongezeka maradufu mara nne, kwa hiyo tofauti kati yao ni desibeli 24. Ukitaka yule wa mwisho apate desibeli 90, wa kwanza atapigwa na 114, kiwango kinachoweza kuumiza masikio kwa muda mfupi sana. Kuongeza nguvu hakupunguzi pengo hilo hata kidogo, maana kunawapandisha wote wawili pamoja. Tena ni ghali: kupata desibeli 3 zaidi ni lazima nguvu ya umeme iongezwe mara mbili, na ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu huhitajika nguvu mara kumi hivi.

Sasa tuufikirie uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68, ambao ndio ukumbi mkuu wa muziki katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Jukwaa huwekwa nyuma ya goli, labda kwa sababu picha hutoka vizuri na lori linafika kwa urahisi. Mtu wa mwisho aliye mkabala na jukwaa yuko mita 105, na wa pembeni kabisa mita 110. Lihamishie jukwaa kwenye mstari mrefu, mahali yalipo mabenchi ya timu: wa mkabala anakuwa mita 68, wa pembeni mita 86 hivi. Huyo wa mkabala amepata karibu desibeli 4 bure, faida ambayo kwa mitambo ingetaka zaidi ya mara mbili ya umeme. Spika italazimika kutawanya sauti kwa upana zaidi, lakini hilo ni tatizo dogo kuliko urefu.

Wazee wetu waliijua hesabu hii kwa vitendo. Ngoma huchezwa katikati na watu huizunguka, kwa sababu duara ndilo umbo linaloweka watu wengi kwa umbali mfupi. Tulipohamia kwenye jukwaa la upande mmoja tulipata mandhari, taa na mapazia, ila tuliwarefushia wasikilizaji njia. Si lazima turudi kwenye duara kamili. Jukwaa lenye ulimi unaoingia katikati ya watu, au viti vilivyopangwa nusu duara, hurejesha sehemu kubwa ya faida hiyo. Nashangaa kwamba wabunifu wa majukwaa yetu huuchukulia ulimi huo kuwa pambo la maonyesho ya mitindo tu.

Ardhi yenyewe ina kazi kubwa. Sauti inayosafiri sambamba na vichwa vya watu hunyonywa na nguo, nywele na miili, na kila safu humpokonya aliye nyuma yake. Mteremko huondoa kizuizi hicho, kwa kuwa kila sikio linaliona jukwaa. Wagiriki waliojenga ukumbi wa Epidaurus katika karne ya 4 kabla ya Kristo waliegemeza viti kwenye kilima, na sifa yake ya usikivu bado inavuta watalii. Mwaka 2007 watafiti Nico Declercq na Cindy Dekeyser walieleza kwamba safu za viti vya mawe hupunguza ngurumo za sauti nene na kuacha sauti ya msemaji ipite. Baadaye, mwaka 2017, wapimaji kutoka Eindhoven, Uholanzi, walionyesha kwamba hadithi za sarafu inayosikika hadi kiti cha juu kabisa zimetiwa chumvi. Yote mawili yana faida kwetu: mteremko unasaidia sana, na hakuna mteremko unaofanya miujiza. Mwenye kiwanja chenye kilima, hata cha mita chache, asikisawazishe.

Turudi Los Angeles, kwani visa vya makuba yake vina mafunzo kuliko kitabu cha fizikia. Mwaka 1927 msanifu Lloyd Wright, mtoto wa msanifu mashuhuri Frank Lloyd Wright, alijenga kuba lenye umbo la piramidi kwa mbao zilizobaki kwenye maandalizi ya mchezo wa Robin Hood. Lilisikika vizuri, ila sura yake haikupendwa na msimu ulipokwisha likabomolewa. Mwaka 1928 akajenga jingine la mbao, la matao yaliyofuatana, lenye vibao vya ndani vilivyoweza kugeuzwa ili kurekebisha sauti. Lilibuniwa lifunguliwe na kuhifadhiwa kila msimu unapokwisha. Halikuhifadhiwa, likaharibiwa na maji. Mwaka 1929 Allied Architects wakasimamisha kuba la matao la mabamba ya saruji yenye asbesto juu ya fremu ya chuma. Hilo ndilo dunia nzima ililijua kwenye picha, na ndilo lililodumu hadi msimu wa 2003. Kwa sikio lilikuwa hafifu kuliko yale ya Wright.

Sababu iko kwenye umbo. Uso uliopinda kwa ndani hukusanya sauti na kuimwaga mahali pamoja, kama kioo cha tochi kinavyokusanya mwanga. Mpiga fidla mmoja anajaa sauti ya tarumbeta, mwenzake aliye hatua chache pembeni hasikii kitu. Wanamuziki wasiosikizana hawawezi kwenda pamoja, hata wakiwa hodari namna gani. Katika miaka ya 1970 msanifu Frank Gehry alipanga ndani ya kuba mabomba makubwa ya karatasi ngumu ili kuitawanya sauti hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akayabadilisha kwa matufe makubwa ya nyuzi za kioo yaliyoning'inia juu ya okestra. Kuba jipya la wasanifu Hodgetts na Fung lililofunguliwa mwaka 2004 ni kubwa zaidi, nalo lina pete iliyoning'inizwa juu ya wanamuziki yenye vibao vinavyorekebishwa. Lilipingwa na watetezi wa majengo ya kale, na huzuni yao naielewa, lakini sura ya kuba lile la 1929 ilikuwa imelindwa kwa miongo mingi kwa gharama ya masikio ya waliokaa chini yake.

Kabla ya kuiga kuba ni lazima kuuliza: litamtumikia nani? Okestra isiyo na maikrofoni inalihitaji, kwa sababu linachukua sauti ambayo ingepotelea nyuma na juu na kuirudisha kwa wanamuziki na wasikilizaji. Bendi ya dansi au msanii wa Bongo Fleva mwenye spika zake halihitaji, na mara nyingi humdhuru, kwani linarudisha mlio wa ngoma na spika za jukwaani moja kwa moja kwenye maikrofoni. Hapo ndipo ule mlio mkali wa kupiga yowe unapoanza.

Kundi la taarabu asilia liko kati ya hali hizo mbili, na kwa maoni yangu ndilo mtihani mgumu kuliko yote kwa jukwaa la nje. Udi, kanuni na nai zina sauti ndogo. Akodiani na ngoma zina sauti kubwa. Fidla ziko kadhaa na zinatakiwa zisikike kama mkono mmoja. Fundi akiziwekea maikrofoni zote na kuzifungua hadi nai isikike, ngoma imeshaingia katika kila maikrofoni. Kinachosaidia ni kupanga watu upya: vyombo vya sauti ndogo mbele na karibukaribu, ngoma zikae upande ambao maikrofoni zimeupa mgongo, na nyuma na juu ya kundi ziwekwe mbao nene zilizoinamishwa kidogo kuelekea mbele. Nasema mbao, maana turubai halirudishi sauti ya maana; sehemu kubwa hupenya. Ubao nao lazima uwe mpana. Wimbi la sauti ya mitetemo 1,000 kwa sekunde lina urefu wa sentimita 34 hivi, la mitetemo 50 linakaribia mita 7, na ubao mdogo kuliko wimbi hauuoni muziki huo.

Sakafu ya jukwaa husahaulika. Majukwaa mengi ya kukodi ni mbao juu ya vyuma na uwazi chini yake, yaani ngoma kubwa. Ukisukumia spika za besi ndani ya uwazi huo ili zisionekane, sakafu nzima huvuma na mtetemo hupanda kupitia miguu ya maikrofoni hadi kwenye mitambo. Zitolewe nje. Na zisigawanywe kulia na kushoto kwa mazoea: makundi mawili ya besi yaliyo mbali hukutana katikati kwa nguvu na kufutana kwenye michirizi ya pembeni, ndiyo maana mtu akihama hatua chache midundo hupotea kisha ikarudi. Safu moja iliyopangwa mbele ya jukwaa hueneza besi kwa usawa zaidi.

Spika kuu, kinyume chake, zipandishwe juu. Katika ule mfano wetu wa mita 4 na 64, zikining'inizwa mita 8 juu ya masikio, msikilizaji wa kwanza anakuwa mbali nazo kwa karibu mita 9 na pengo la desibeli 24 linashuka hadi 17, kabla hata ya kuzielekeza kwa walioko nyuma. Ndiyo sababu ya safu ndefu za spika zilizoenea duniani baada ya Mfaransa Christian Heil kuonyesha, mwanzoni mwa miaka ya 1990, jinsi spika nyingi zilizoshikamana wima zinavyoweza kufanya kazi kama chanzo kimoja. Ila nguvu ya safu hiyo iko kwenye urefu wake. Spika nne fupi zilizoning'inizwa kwa mtindo huo zina mwonekano wa kisasa, lakini kwa sauti za kati na za chini hazipishani sana na spika za kawaida.

Uwanja ukizidi urefu fulani, huwekwa minara ya spika katikati ya watu. Hapa kuna kosa ninalolisikia mara kwa mara: minara inawashwa kwa wakati mmoja na jukwaa. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde katika hewa ya nyuzi 20. Mnara ulio mita 50 kutoka jukwaani ukipiga papo hapo, sauti ya jukwaa itamfikia msikilizaji wa hapo ikiwa imechelewa kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, na maneno yatagongana. Mnara ni lazima ucheleweshwe kwa muda huo na kidogo zaidi. Mwaka 1949 mtafiti Helmut Haas alieleza kwamba sikio huamini mwelekeo wa sauti inayofika kwanza hata ile ya pili ikiwa kubwa zaidi, mradi zisiachane sana. Kwa kuchelewesha mnara kidogo zaidi ya hesabu inavyodai, msikilizaji huona muziki unatoka kwa mwimbaji. Chicago wamelifikisha wazo hilo mbali: kwenye jukwaa la nje la Jay Pritzker Pavilion, lililofunguliwa mwaka 2004, Gehry alitandaza wavu wa mabomba ya chuma juu ya uwanja wa majani na spika zikaning'inizwa humo. Watu 7,000 wanakaa chini yake bila nguzo machoni.

Hewa haitulii. Upepo unaotoka jukwaani kuelekea kwa watu hupinda sauti kuja chini, na unaotoka kwa watu huirusha juu ya vichwa vyao. Pwani yetu ina bahati ya pepo zenye majira: kaskazi tangu Desemba hadi Machi hivi, kisha kusi. Mwenye uwanja wa kudumu ajue ataandaa tamasha lake majira gani kabla ya kumwaga zege la jukwaa. Joto hufanya vivyo hivyo. Mchana ardhi imewaka na hewa ya chini ni ya moto kuliko ya juu, kwa hiyo sauti hupanda na kupotea. Usiku ardhi ikipoa mambo hugeuka na sauti husafiri mbali. Majaribio ya mitambo yaliyofanywa saa kumi alasiri, uwanja ukiwa mtupu, hayasemi sauti itakuwaje saa nne usiku watu wakijaa. Hata unyevu una neno lake: hewa kavu hunyonya sauti nyembamba zaidi. Fundi aliyezoea Dar es Salaam akipanga vivyo hivyo Dodoma wakati wa kiangazi atakuta kule nyuma muziki umefifia.

Kisha kuna mahali penye kuta. Ngome Kongwe ya Zanzibar, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kuondolewa, imekuwa nyumba ya tamasha la Sauti za Busara tangu lilipoanza mwaka 2004. Kuta za mawe na chokaa ni ngumu na zinarudisha karibu kila kinachozifikia. Ukuta ulio mita 40 nyuma ya msikilizaji humrudishia mwangwi baada ya karibu robo ya sekunde, na mwangwi wa namna hiyo huua maneno. Hapo kuongeza spika ni kuulisha ukuta. Vilevile Mji Mkongwe uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na hakuna mwenye akili atakayependekeza kupigilia mbao kwenye kuta hizo. Njia inayofaa ni kuifanya sauti isizifikie: spika ndogo nyingi badala ya kubwa chache, zote zikiinamishwa kuelekea watu, na nyuma yao mapazia mazito yanayosimama kwenye nguzo zake, mbali kidogo na ukuta. Napenda sana tamasha linaloshikilia muziki wa moja kwa moja mahali kama hapo, na ndiyo maana natamani usikivu wake ushughulikiwe kwa uangalifu ule ule unaopewa mawe yenyewe.

Majirani nao ni sehemu ya usanifu. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, nchini Tanzania kazi hiyo inasimamiwa na NEMC, chombo cha serikali cha mazingira, na migogoro bado ipo kwa sababu sheria huingia baada ya jukwaa kuelekezwa hospitalini. Besi ndiyo inayosumbua zaidi. Hupita kuta na kwenda mbali. Spika za besi zinaweza kupangwa, baadhi zikielekezwa nyuma na mlio wake ukigeuzwa na kucheleweshwa, ili mawimbi yafutane nyuma ya jukwaa. Ndani ya uwanja, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 kiwango cha wastani usiozidi desibeli 100 kwa kila dakika 15, pamoja na sehemu tulivu za kupumzisha masikio. Watoto wanaoketishwa mbele ya spika kwenye matamasha yetu ya sikukuu wanastahili kiwango hicho kuliko mtu yeyote.

Paa la jukwaa silipitii haraka, kwa kuwa linaua. Tarehe 13 Agosti 2011, kwenye maonyesho ya jimbo la Indiana, Marekani, upepo wa dhoruba uliangusha paa la jukwaa la muda na watu saba wakafa. Bango la mdhamini lililofungwa kwa kitambaa kisichopitisha upepo huongeza mzigo ambao fremu haikuhesabiwa kuubeba. Vitumike vitambaa vya wavu, pawe na kipima upepo, na kabla ya onyesho ateuliwe mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuteremsha spika na kuwatoa watu, asiyehitaji kumwomba ruhusa mdhamini.

Limebaki suala la nani anakaa wapi. Hema la wageni rasmi huwekwa katikati, na fundi mitambo hupelekwa pembeni au nyuma ya jukwaa, anapanga sauti asiyoisikia. Hakuna mtambo wa kuchanganyia sauti, wa thamani yoyote, unaoweza kufidia hilo. Nafasi yake ni kati ya watu, mbele ya jukwaa, kwenye theluthi ya pili ya uwanja, pasipo turubai la kumfunika pande zote.

Na kabla ya zabuni ya mitambo kutangazwa, usiku mmoja unatosha kwa jaribio lisilo na gharama. Weka spika moja mahali jukwaa linapokusudiwa, mtu asome orodha ya maneno yasiyo na mpangilio, na wasikilizaji waliotawanywa uwanjani waandike wanachokisikia. Asiyesikia kabisa yuko mbali mno au upepo unamdhulumu, na jukwaa lihamishwe au mnara uongezwe. Anayesikia kwa nguvu lakini anakosea maneno anasumbuliwa na mwangwi, na huyo kila spika utakayomwongezea itamzidishia tabu.